Mama Kufuli na Siku Aliyokataa Kuuza

Kabla watu hawajaanza kumwita Mama Kufuli alikuwa Mama Ngumi, na jina hilo hakuliokota njiani. Alizaliwa katika nyumba ya mhunzi ambamo watu walijuliana hali kwa makofi. Baba alipiga chuma mchana kutwa, na chuma kikimchosha akageukia watoto. Kaka zake wakishapigwa walimpiga yeye, na alipokua akawapiga wao, mmoja mmoja, mpaka wakaanza kumpisha mlangoni. Alijua kurusha ngumi kabla hajajua kusuka nywele.

Aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole asiye na makuu isipokuwa akinywa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao dereva alilewa akamnyanyulia mkono. Alishtukia yuko chini, bega limeteguka, na mkewe amesimama juu yake ameshika mchi, anamuuliza kama anataka chai. Tangu hapo wakapendana sana. Dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia hadithi hiyo kwa wenzake, akicheka mpaka machozi. "Ndugu zangu, mimi nimeoa jeshi. Nikirudi safari napiga hodi, halafu nangoja nje nipewe ruhusa."

Walifungua duka la pembejeo karibu na soko: mbegu, mbolea, majembe, mabomba ya kupulizia na dawa za wadudu. Rafu ya dawa aliitengeneza jirani yao, fundi seremala, akaiweka mlangoni kabisa ili mteja aone chupa kabla hajaingia. Seremala alikuwa mtu wa maskhara, kila mtoto mtaani alimjua kwa miluzi yake. Asubuhi moja akaingia dukani akaomba chupa ya dawa ya viwavi.

"Wewe una shamba tangu lini?" Mama Ngumi akamtania.

"La shemeji yangu. Amenituma kama mtoto."

"Basi umepandishwa cheo. Juzi alikuwa hakutumi hata chumvi."

Wakacheka wote wawili. Akampa chupa, seremala akaenda zake akipiga mluzi. Jua halijafika utosini, kilio kikasikika kutoka karakana yake. Waliomkimbilia walikuwa wamechelewa.

Siku chache baada ya mazishi mjane wake akaja dukani. Hakuja na maneno, alikuja na kigoda, na kigoda hicho kilimpata Mama Ngumi juu ya sikio kabla hajamaliza kusema pole. Damu ikamshuka shingoni. "Umemuuzia mume wangu kifo!" mjane akapiga ukelele. "Umemuuzia huku unacheka naye!" Akamvuta nywele, akamkwaruza uso, wakabiringika mpaka barabarani. Mama Ngumi alikuwa amekusudia kuvumilia, lakini mkono ulikwenda wenyewe kama ulivyozoea. Ngumi moja tu. Mjane akaanguka, akatema jino mchangani, akaketi akilitazama.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliwatenganisha kimya kimya. Mama Ngumi aliitazama ngumi yake kama kitu alichoazimwa na mtu mbaya.

Zahanati yao ilikuwa na daktari mmoja, mwanamke mfupi ambaye kila mtu alimwita Daktari Mdogo, ingawa alikuwa na wajukuu. Ndiye aliyemshona kichwani siku ile.

"Ungalifanya nini wewe?" Mama Ngumi akauliza akikunja uso. "Mtu anataka dawa, unamuuzia. Anayetaka kufa atakufa tu, Daktari. Ukimnyima hiki atatafuta kile."

"Ndivyo tunavyoambizana. Tulia, usitikise kichwa."

"Aah! Unashona gunia?"

"Gunia halina mdomo. Sasa nisikilize. Mimi nimekaa na wale niliowawahi. Unajua wengi wao husema nini wakizinduka? Wanaomba maji, halafu wanauliza watoto wako wapi. Ile hamu ya kufa huja kwa nguvu za kutisha, lakini haikai na nguvu zile siku zote. Inapungua. Mtu akivushwa pale, akatibiwa, akapata wa kumsikiliza, wengi huendelea na maisha yao. Lakini kama kitu kiko karibu na mkono wakati ule, hana nafasi ya kuvuka."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua."

"Sikusema hivyo. Alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua, hata mimi. Alinitengenezea mlango mwezi uleule, tukaongea habari za bawaba tu." Daktari akakata uzi. "Ninachokuuliza ni kimoja. Rafu ile itabaki pale mlangoni?"

Mama Ngumi akainuka. Alirudi dukani na bandeji kichwani, akachukua shoka, akaikatakata rafu mbele ya wateja mpaka ikawa kuni. Kesho yake fundi wa kuchomelea alimjengea kizimba cha nondo nyuma kabisa ya duka, chupa zote zikahamia humo, na kizimba kikafungwa kwa kufuli kubwa ambalo ufunguo wake aliuning'iniza kifuani. Hapo ndipo jina lilipobadilika.

Na vita vikaanza. Mama Kufuli aliweka masharti yake mwenyewe. Mteja aseme analima nini, wapi, na mdudu gani amemwingilia. Asipofahamika, arudi kesho. Akiwa na macho yasiyotulia, arudi kesho na mtu wa nyumbani kwake, na kabla hajaondoka akae kwenye gunia waongee. Daktari Mdogo alikuwa amemfundisha jambo moja lililomshangaza: kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mdomo tu. Basi akawa anauliza, tena kwa sauti ileile aliyoulizia bei ya majembe.

Wakulima waliwaka. Msimu ule viwavijeshi walishuka mashambani, na mtu ambaye mahindi yake yanatafunwa hana subira ya mahojiano. Mmoja alimkaba kola akamwita mchawi. Akapigwa kofi lililoirusha kofia yake mpaka ng'ambo ya barabara. Mwingine alipitisha jiwe dirishani. Asubuhi moja walikuta mlango umepakwa kinyesi. Shemeji yake, mdogo wake dereva, aliona hiyo ndiyo nafasi. Akafungua duka kama hilo upande wa pili wa soko, akapanga chupa juu ya meza nje kabisa, akawa anaita, "Kwangu hakuna polisi! Njoo, chukua, nenda!" Wateja wakahamia kwake kama nzi.

"Mke wangu," dereva alisema jioni moja akiokota vioo, "sisi tunauza pembejeo au tunaendesha kituo cha polisi?"

"Vyote viwili. Kesho uniletee kioo kingine."

"Na wakikivunja hicho?"

"Nitawavunja wao."

Dereva akaleta kioo. Alikuwa akinung'unika, lakini siku ambazo hakuwa safarini alikaa mlangoni na spana mapajani.

Mjane wa seremala alikuwa amerithi karakana, ng'ambo tu ya uchochoro. Aliuza viti na vigoda vilivyobaki, kisha akajifunza kuvitengeneza mwenyewe. Hakumsalimia Mama Kufuli. Kila asubuhi akifungua alitema mate chini, akielekea upande wa duka, halafu akaanza kazi. Mama Kufuli aliyaona mate yale, akanyamaza. Kwa mtu wa moto kama yeye, huko kunyamaza kulikuwa kazi kuliko kupigana.

Siku moja ya gulio, mavuno yakiwa yamekwisha na mashamba yote yamebaki mabua, akaingia dukani mtu mmoja wa machimbo ya mawe. Wenzake walimwita Jabali, kwa ukubwa wa mwili wake. Alikuwa amebeba nyundo yake ya kupasulia mawe begani, uso na nguo vimejaa vumbi jeupe. Alikuwa amepitia kwanza kwa shemeji akakuta pamefungwa, shemeji amekwenda kufuata mzigo.

"Nipe dawa ya wadudu."

"Karibu, kaka. Unapulizia nini?"

"Mahindi."

"Mahindi yapi? Huko nje ni mabua matupu."

"Yangu yamechelewa."

"Yamechelewa kuliko ya nchi nzima?" Mama Kufuli akamtazama vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa mekundu na hayakukaa mahali pamoja, yalikwenda kwenye kizimba, yakarudi, yakaenda tena. "Kaa hapo kwenye gunia. Umekula leo?"

"Sikuja kula."

"Unataka kujiua, kaka?"

Jabali hakukataa.

"Nifungulie," akasema mwishowe, taratibu.

"Sifungui. Kaa tuongee, nitamwita Daktari."

"Mama, nifungulie."

"Hata ukinichinja."

Nyundo ikashuka juu ya kaunta. Mbao zikapasuka katikati, mizani ikaruka ikatua barabarani. Pigo la pili likabomoa kilichobaki, na Jabali akapita juu ya vipande kuelekea kizimbani. Mama Kufuli akamrukia kiunoni. Alimng'ata ubavuni mpaka akaonja damu na vumbi. Jabali akajikung'uta, akamtupa ukutani kama gunia la makapi, mitungi ya mbegu ikamwangukia. Akainuka. Akamshika mguu. Akapigwa teke la mbavu, hakuachia. Nyundo ilipopanda juu kulipiga kufuli, aliinua mkono kuuzuia mpini, na mpini ukamshukia chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mkono ukaning'inia.

"Anataka kujiua!" akapiga kelele kwa sauti iliyosikika soko zima. "Nisaidieni! Anataka kujiua!"

Mjane wa seremala alikuwa karakanani anapiga randa. Waliokuwapo wanasema aliposikia neno lile aliitupa randa akavuka uchochoro bila kutazama kushoto wala kulia. Alimpanda Jabali mgongoni, akamkaba shingo kwa mikono yote miwili. Mwanaume yule alizunguka naye, akamgonga kwenye nondo, mara moja, mara ya pili, paji la uso likachanika, naye akang'ang'ania kama kupe. Mama Kufuli, na mkono wake mmoja, akauvuta ule mguu. Jabali akayumba, akaanguka chali juu ya magunia ya mbolea, magunia yakapasuka, na wote watatu wakafunikwa na chembe nyeupe wakikohoa.

Mjane akamkalia kifuani. Akamchapa makofi, shavu hili, shavu lile. "Mume wangu hakupata mtu wa kumshika!" alikuwa akilia huku anapiga. "Wewe utashikwa! Unasikia? Utashikwa kwa nguvu!"

Nyundo ikatoka mkononi. Jabali hakujikinga tena. "Niacheni," akasema. "Tulibadilishana nafasi. Mdogo wangu alisema nimechoka, akasimama pale mimi nilipokuwa nimesimama. Mwamba ukaja." Akafumba macho. "Mama yangu ananiuliza kila siku yuko wapi. Amesahau tumemzika. Kila siku namwambia upya."

Mjane akaacha kupiga. Mkono wake ukabaki hewani.

Lakini huko nje soko lilikuwa limesikia mbao zikivunjika, na aliyechungulia wa kwanza aliona jitu limelala kati ya wanawake wawili wenye damu. "Mwizi!" akapiga yowe. "Amemuua Mama Kufuli!" Ilitosha. Watu waliokuwa wakipimiana nyanya walibeba mawe. Wengi wao walikuwa walewale waliomtukana Mama Kufuli msimu mzima, na sasa walikuja kumpigania. Mmoja aliingia na panga. Mwingine alikuwa tayari anaviringisha tairi bovu kutoka kwa fundi wa baiskeli.

Walimvuta Jabali kwa miguu mpaka nje. Jiwe likampasua nyusi. Fimbo zikamwangukia, na yeye hakuinua hata mkono kujificha uso. Aliwatazama kama mtu anayewangoja. Mama Kufuli akayaona macho yale, akaelewa kwamba watu wanakaribia kumpa kile alichomnyima yeye.

Akaokota bomba la kupulizia, lile la shaba, akatoka nalo. Wa panga alipigwa kwenye kifundo cha mkono, panga likaanguka. Mwenye tairi alipigwa mgongoni, akakimbia na tairi likamfuata. Mjane alikuwa amejilaza juu ya Jabali, na fimbo mbili zilizokusudiwa mwanaume yule zikamshukia yeye.

"Nani anamgusa?" Mama Kufuli aliunguruma, mkono mmoja ukining'inia, uso mweupe kwa mbolea na mwekundu kwa damu. "Si mwizi! Ni mgonjwa! Nimevunjwa mkono nikimzuia asife, halafu nyinyi mje mmalize? Haya, anayetaka kumuua aanze na mimi! Jitokezeni!"

Hawakujitokeza. Mmoja akaliachia jiwe nyuma ya mgongo wake, kimya kimya, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika kitu cha watu.

Daktari Mdogo alifika akihema, na nyuma yake askari mmoja. Askari akatoa pingu. "Kujaribu kujiua ni kosa kisheria," akasema. "Na huu uharibifu je?"

"Amejaribu nini?" Mama Kufuli akamkata kauli. "Alitaka kununua dawa, nikamnyima. Duka ni langu, mkono ni wangu, simshtaki. Andika hivyo."

"Mama, sheria—"

"Afande," Daktari akasema, "ukimfunga huyu pingu leo, wenzake wote wenye mawazo kama yake watajificha zaidi, na mimi nitawapata wakiwa maiti. Nipe nimtibu. Nitamlaza pale zahanati, akitoroka unifunge mimi."

Askari aliitazama damu, akautazama umati, akazirudisha pingu mfukoni. Labda alichoka tu. Alisaidia hata kumbeba.

Mkono wa Mama Kufuli ulipona vibaya, ukabaki umepinda, na mvua ikikaribia unamuuma. Jabali alilazwa, akapelekwa hospitali kubwa, akaandikiwa dawa na akapewa mtu wa kuongea naye kila wiki. Dada yake alihamia kwao ili asiwe peke yake kumwambia mama yao habari zilezile kila siku. Hakupona kwa mkupuo. Kuna wiki alikataa kutoka kitandani, na mara moja mjane wa seremala alikwenda kumtoa kwa kumvuta shuka. Asante Jabali hakuisema. Alikuja tu siku moja, akaketi kwenye gunia dukani tangu asubuhi hadi wanafunga, akaondoka. Baadaye akawa anakuja kila siku ya gulio.

Halmashauri ilipitisha amri kwamba kila duka la dawa za wadudu lifunge chupa kwenye kizimba. Shemeji alitukana ukoo mzima, wake na wa kaka yake, kisha akajenga. Zahanati ikagawa masanduku ya bati yenye kufuli kwa wakulima, wayaweke mashambani badala ya uvunguni. Daktari alisema wanaoletwa kwake kwa sababu ile wamepungua sana. Hawakuisha. Mwaka uleule walimzika binti mmoja mshonaji, kwa njia ambayo hakuna kizimba kingeizuia, na Mama Kufuli alifunga duka, akakaa ndani akipiga ukuta kwa ule mkono mzima mpaka mumewe akaja akamshika.

Mjane na yeye hawakuwa marafiki wa kukumbatiana. Waligombania kivuli cha uchochoro, waligombania takataka. Ila Daktari Mdogo alipotaka watu wa kwenda naye machimboni kuongea na wapasua mawe, walikwenda wote wawili, na Jabali akafuata nyuma bila kualikwa.

Mama Kufuli alikuwa msemaji mbovu. Alisimama juu ya jiwe mbele ya wanaume wenye vumbi, akakohoa. "Mimi sina maneno laini," akaanza. "Ukiona mwenzako halali, hali, anagawa vitu vyake, anaagaaga ovyo, muulize. Muulize waziwazi. Usimwache peke yake, mlete kwa Daktari. Na kama ni wewe, sema. Basi."

Mpasuaji mmoja, mwenye kifua kipana, akacheka. "Kumbe tumeitwa kuambiwa tulie kama wanawake! Mwanaume anayejiua ni mwoga tu, aende zake atupunguzie—"

Hakumaliza. Jabali alikuwa ameshapita katikati ya watu, na kichwa chake kikakutana na pua ya yule bwana kwa mlio ambao wote waliusikia. Wenzake wakamvamia Jabali. Ndugu zake Jabali waliokuwa wakifanya kazi machimboni humo wakawavamia hao. Koleo zikaruka, kokoto zikaruka, mjane akamzaba mtu kibao, na Mama Kufuli akashuka jiweni akipiga kushoto na kulia kwa mkono wake mmoja wenye nguvu huku akipiga kelele kwamba huu ni mkutano wa afya.

Daktari Mdogo alirudi zahanati peke yake, vazi lake limechanika mfukoni. Alijua mambo yameharibika. Alinawa uso, akaketi mezani akifikiria atawaambia nini wakubwa zake.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa yuleyule mwenye kifua kipana, pua imevimba.

"Nimekuja nitazamwe pua."

Daktari akaitazama, akaigusa. "Haikuvunjika. Itatulia yenyewe."

"Najua," akasema mwanaume yule. Hakuondoka. Alisimama akiigeuza kofia yake mkononi, akatazama nyuma, ambako wapasuaji wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake.

Daktari akamsogezea kiti, akafunga mlango.